The Shining: maswali ninayoulizwa kila mara kuhusu Kubrick, Shelley Duvall na mwaka wa machozi

Kila nikiitaja filamu hii, watu huniuliza yaleyale: ni kweli mwongozaji, Stanley Kubrick, alimtesa mwigizaji Shelley Duvall? Ni kweli kipande kimoja kilirudiwa mara mia na ushee? Na Stephen King, mwandishi wa kitabu, alikasirikia nini? Nimeamua kuyajibu mahali pamoja. Nitataja mwisho wa kitabu na mwisho wa filamu, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kumaliziwa utamu, kaione kwanza.

Kwa ambaye hajaiona kabisa, inahusu nini?

Jack Torrance, aliyekuwa mwalimu, anayejiita mwandishi na anayejaribu kuachana na pombe, anapata kazi ya kulinda hoteli iitwayo Overlook huko milimani Colorado, Marekani. Majira ya baridi hoteli hufungwa, na theluji huziba barabara kwa miezi. Anakwenda na mkewe Wendy na mtoto wao mdogo Danny, ambaye ana kipaji cha kuona yaliyopita na yajayo. Hoteli ina wafu wake. Baba anaanza kugeuka taratibu, na mwishowe anamfukuza mkewe na mwanawe kwa shoka.

Jack ameigizwa na Jack Nicholson, Wendy na Shelley Duvall, Danny na Danny Lloyd, na mpishi wa hoteli, Hallorann, na Scatman Crothers. Ilitoka Marekani Mei 1980.

Hadithi yenyewe ilitoka wapi?

Mwaka 1974 King na mkewe walilala katika hoteli ya Stanley, mji wa Estes Park, Colorado. Msimu ulikuwa unaisha, na karibu hoteli nzima ilikuwa tupu. Walipewa chumba namba 217. Usiku ule aliota mwanawe mdogo anakimbizwa kwenye korido na mpira wa zimamoto uliogeuka kuwa kiumbe. Aliamka anatokwa jasho, akawasha sigara, na kufikia mwisho wa ile sigara alikuwa na mifupa ya kitabu kichwani. Kitabu kilitoka 1977.

Kuna jambo moja ambalo ukilikosa hutaelewa ugomvi uliofuata. King mwenyewe alikuwa mlevi wakati ule, na alikuwa baba wa watoto wadogo. Amekiri baadaye kwamba alikuwa anajiandika bila kujijua. Jack wa kitabuni ni mtu anayempenda mwanawe na anayeiogopa mikono yake mwenyewe.

Kubrick aliingiaje humo?

Stanley Kubrick alikuwa ametoka kutengeneza Barry Lyndon (1975), filamu ndefu na nzuri mno kwa macho, ambayo Marekani haikuingiza pesa kama ilivyotarajiwa. Alihitaji kitu ambacho watu wangepanga foleni kukiona. King alikuwa ameshaandika skripti yake mwenyewe, Kubrick hakuitumia. Alimchukua mwandishi wa riwaya Diane Johnson, wakaiandika upya pamoja.

King husimulia kwamba asubuhi moja alikuwa ananyoa ndevu, mkewe akaja kumwambia Kubrick yuko kwenye simu kutoka Uingereza. Bila salamu ndefu, Kubrick akamwambia kuwa hadithi za mizimu zina matumaini ndani yake, kwa sababu kama mizimu ipo, basi kifo si mwisho. King akamuuliza, na jehanamu je? Kimya. Kisha Kubrick akajibu kwamba yeye haamini kama jehanamu ipo. Ukitaka kujua kwa nini wale wawili hawakuelewana, simu ile inatosha.

Ilipigwa Colorado?

Hata kidogo. Kubrick alikuwa Mmarekani aliyehamia Uingereza tangu miaka ya 1960 na aliogopa kupanda ndege, kwa hiyo milima ndiyo iliyomfuata yeye. Korido zote, ule ukumbi mkubwa, jiko na bustani ya njia za kupotezana vilijengwa studio za Elstree, nje kidogo ya London. Sura ya nje ya hoteli ni ya Timberline Lodge, jimbo la Oregon, na ile barabara ya mwanzo inayopita kando ya ziwa ni ya Montana. Kikosi kingine kilitumwa kupiga picha hizo, Kubrick akabaki nyumbani.

Theluji ya bustanini ilikuwa chumvi, tani kwa tani, pamoja na chenga za plastiki nyeupe. Na namba ya chumba chenye mzimu iligeuzwa kutoka 217 ya kitabuni kuwa 237 kwa sababu wenye Timberline waliogopa wageni wasije wakakikataa chumba 217, ambacho kwao kipo. Kuna watu wameandika makala nzimanzima wakieleza siri ya ile namba 237. Jibu ni wasiwasi wa watu wa mapokezi.

Kwa nini kazi ilichukua karibu mwaka mzima?

Walianza Mei 1978 na kuingia hadi majira ya kuchipua ya 1979, wakati mpango wa awali ulikuwa wa miezi michache tu. Sababu ziko kadhaa, na zinapandana.

Kubrick alipiga filamu kwa kufuata mtiririko wa hadithi. Waongozaji wengi humaliza vipande vyote vya chumba kimoja, kisha hukibomoa chumba hicho. Yeye alitaka seti zote zisimame muda wote, na studio nzima ikashikwa na mtu mmoja. Mapema 1979 moto ukateketeza seti ya ule ukumbi mkubwa, ikabidi kujenga tena, huku watu wa filamu ya The Empire Strikes Back wakisubiri nafasi humohumo Elstree.

Skripti nayo ilibadilika kila siku. Kurasa mpya zilikuja zikiwa na moto wa mashine, hadi Nicholson akaacha kusoma zile za mwanzo. Alisubiri za siku ileile.

Halafu kulikuwa na kamera ya Steadicam, chombo ambacho mpiga picha hujifunga mwilini ili kamera itembee bila kutetemeka. Aliyeivumbua, Garrett Brown, ndiye aliyeibeba mwenyewe. Kwa zile korido ambazo Danny anaendesha baiskeli yake ya magurudumu matatu, Brown alikalishwa kwenye kiti cha magurudumu akasukumwa nyuma ya mtoto, kamera ikiwa karibu igusane na sakafu. Sikiliza sauti: gurudumu likipita kwenye mbao linanguruma, likipanda zulia linanyamaza, likirudi kwenye mbao linanguruma tena. Kwa kipande kile nasema wazi, kurudia kulilipa.

Ni kweli kipande cha ngazi kilirudiwa mara 127?

Hiyo ndiyo namba iliyoingia kwenye kitabu cha rekodi za Guinness, na ndiyo inayorudiwa kila mahali. Ni kile kipande ambapo Wendy anapanda ngazi kinyumenyume, rungu la besiboli mkononi, akilia na kumzuia mumewe anayemsogelea kwa maneno laini. Lakini watu wawili waliokuwepo kazini, Garrett Brown na Gordon Stainforth aliyekuwa kwenye chumba cha uhariri, wamesema namba hiyo imekuzwa. Wao wanataja marudio 35 hadi 45.

Mimi nawaamini hao wawili. Ila usije ukashusha pumzi. Hebu simama sasa hivi, shika fimbo, panda ngazi kinyumenyume huku unalia kwa dhati kwa dakika kadhaa. Kisha rudi chini ufanye tena. Ukifika mara ya sita nitumie ujumbe. Ubishi wa 127 au 40 ni wa wapenda rekodi. Aliyekuwa anapanda ngazi hakuhitaji kufika 127 ili aumie.

Kubrick alimfanyia nini hasa Shelley Duvall?

Hapa uvumi ni mwingi kuliko ushahidi, kwa hiyo naanza na kilichoonekana kwa kamera.

Binti wa Kubrick, Vivian, akiwa na umri wa miaka 17, alizunguka studio na kamera yake na kutengeneza filamu fupi kuhusu kazi hiyo, ambayo BBC iliionyesha 1980. Baba mwenyewe aliikubali itoke. Mle ndani tunamwona Duvall akitakiwa kufungua mlango na kutoka nje kwenye theluji ya bandia inayopulizwa na feni. Anachelewa. Kubrick anamfokea mbele ya kikosi kizima. Duvall anajaribu kueleza kwamba hakuisikia ishara, naye Kubrick anamjibu kwamba anawapotezea watu muda. Baadaye Duvall anaonekana amejilaza sakafuni, hoi. Anaonyesha nywele zake zinazokatika. Kubrick anawaambia waliopo wasimwonee huruma, haitamsaidia.

Linganisha na sauti anayoitumia kwa Nicholson humohumo: utani, mazungumzo, kicheko. Anjelica Huston, aliyekuwa mpenzi wa Nicholson wakati ule na aliyekuwa akifika studio, alisema miaka mingi baadaye kwamba aliona kama wale wanaume wawili wameungana dhidi ya Duvall, na kwamba hakuona huruma kwao.

Kwa hiyo kuna mambo mawili tofauti, na watu huyachanganya. Moja ni kazi ngumu: kulia siku nzima, kubeba mtoto huku unakimbia, kurudia. Hiyo ni kazi ya uigizaji, na Duvall aliijua. La pili ni ule ubaridi wa makusudi, kumtenga mtu ili ajione mpweke kama mhusika wake, na kumkaripia hadharani. Hilo halikuwa kwenye skripti.

Niliwahi kukaa pembeni ya seti ya tamthilia moja hapa kwetu, nyumba ya kupanga, joto, jenereta linapiga kelele nje. Mwongozaji alimzaba kofi kijana wa watu ili machozi yatoke haraka, watu wakacheka. Pembeni, juu ya stuli, kulikuwa na kitunguu kilichokatwa tayari kwa kazi hiyohiyo. Tangu siku ile, mtu akiniambia ukatili ni lazima ili picha itoke, namkumbuka yule kijana na kile kitunguu.

Na Duvall mwenyewe alisemaje?

Alisema mambo yasiyolingana, na ninayaamini yote.

Filamu ilipotoka, alimweleza mhakiki Roger Ebert kwamba kazi ilikuwa karibu haivumiliki: kulia saa 12 kwa siku, siku tano au sita kwa wiki, kwa miezi tisa ya mwisho. Akaongeza jambo lililonichoma zaidi kuliko hizo saa 12. Baada ya kazi yote ile, wahakiki hawakumtaja. Walimwandika Kubrick, kana kwamba yeye hakuwemo.

Lakini kwenye ile filamu ya Vivian anasema pia kwamba anamheshimu Kubrick na amejifunza kwake, kwa mwaka mmoja, kuliko kwenye filamu zake nyingine zote. Na amepata kusema kwamba asingeubadilisha mwaka ule kwa chochote, ila asingependa kuurudia.

Mwaka 2021 mwandishi wa jarida la Hollywood Reporter alimfuata nyumbani Texas. Duvall alimwambia Kubrick alikuwa mchangamfu na rafiki kwake, aliyeweza kukaa akiongea naye na Nicholson kwa saa nyingi huku watu 60 wakisubiri. Kisha akaeleza alivyokuwa anajilazimisha kulia: alisikiliza nyimbo za huzuni, alifikiria mambo ya kusikitisha, aliikumbuka familia na marafiki. Baada ya muda, alisema, mwili huasi. Unakuambia uache kuufanyia hivyo. Aliamka Jumatatu alfajiri, akakumbuka kwamba leo ratiba inasema kulia kutwa, na hilo tu likamliza. Nicholson alimwambia hajui anawezaje.

Soma tena maelezo hayo. Ni fundi anayeeleza ufundi wake. Hakusema "Kubrick aliniliza". Alisema jinsi alivyojiliza, siku baada ya siku, kwa njia alizozibuni mwenyewe.

Si Kubrick alimchagua kwa sababu ya kulia?

Ndiyo, inavyosimuliwa. Alimwona kwenye 3 Women ya Robert Altman, filamu iliyompa Duvall tuzo ya mwigizaji bora wa kike huko Cannes 1977, na akavutiwa na namna anavyolia. Nicholson alimpendekeza Jessica Lange. Yaani Kubrick alinunua kitu kilichokuwa kimeshaiva. Ndiyo maana nakunja uso nikisikia "alimkamua machozi". Machozi yale yalikuwa na tuzo ya Cannes kabla hajampigia simu.

Nicholson alitendewa vivyo hivyo?

Alirudishwa mara nyingi, naye alichoka. Lakini alikuwa nyota mwenye Oscar, na aliachiwa kubuni. Ule mstari maarufu, "Here's Johnny!", anaoutoa baada ya kupasua mlango wa bafu aliuchomeka mwenyewe, kutoka kipindi cha televisheni cha Marekani ambacho Kubrick, aliyekaa Uingereza miaka mingi, hakukizoea. Na kwa kuwa aliwahi kupata mafunzo ya zimamoto, mlango wa bandia aliuvunja kama biskuti, wakalazimika kumletea mlango wa kweli.

Na yule mtoto?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana linajibu mengine.

Danny Lloyd alikuwa na miaka mitano kazi ilipoanza, baada ya kuchujwa kutoka maelfu ya watoto. Hakujua kwamba anaigiza filamu ya kutisha. Aliambiwa ni hadithi ya familia inayoishi hotelini. Msaidizi wa Kubrick, Leon Vitali, ndiye aliyeshinda naye, akicheza naye na kumfundisha. Kile kidole kinachokunjwa kila Tony, yule rafiki anayeishi mdomoni mwa Danny, anapozungumza, kilitoka kwa mtoto mwenyewe. Na pale Wendy anapombeba huku akimpigia kelele mumewe, anayebebwa ni mwanasesere mwenye ukubwa wa mtoto, ili Danny asizisikie kelele zile. Alikuja kuiona filamu nzima akiwa kijana. Leo ni mwalimu wa biolojia katika chuo cha Kentucky, na akihojiwa huikumbuka kazi ile kwa furaha.

Sasa mtazame usoni pale anaposimama koridoni na mizimu ya wasichana wawili mapacha iko mbele yake. Hofu ile ni ya kweli kabisa machoni petu, na ilipatikana bila mtu kumtisha. Kwa hiyo Kubrick alijua njia nyingine. Alikuwa nayo, aliitumia kila siku, mita chache kutoka pale alipokuwa anamfokea Duvall.

Nimesikia Scatman Crothers naye alilia.

Crothers alikuwa anakaribia miaka 70, mwanamuziki na mchekeshaji wa miaka mingi. Mazungumzo yake na Danny jikoni yalirudiwa mara nyingi sana. Namba zinazotajwa zinapishana, kwa hiyo sitaji. Kuna simulizi ya muda mrefu kwamba Nicholson ndiye aliyemsihi Kubrick apunguze marudio ya kipande ambacho Hallorann anapigwa shoka, kwa huruma ya yule mzee. Inasimuliwa pia kwamba kazi iliyofuata, Bronco Billy ya Clint Eastwood, alipiga kipande mara moja, Eastwood akasema imetosha, na mzee akatokwa na machozi ya shukrani.

Kubrick alijiteteaje?

Alipoulizwa, alisema marudio mengi hutokea pale mwigizaji asipokuwa ameyameza maneno yake. Ukiwa bado unatafuta mstari kichwani, huwezi kuigiza hisia. Kuna ukweli ndani yake. Ila kumbuka, maneno hayo yalikuwa yanabadilishwa asubuhi ileile. Na kumbuka alianza kazi akiwa mpiga picha wa jarida la Look, kijana wa New York aliyezoea kupiga mkanda mzima ili apate picha moja. Mkanda hauchoki.

King alikasirikia nini?

Mengi. Alisema filamu ni kama gari zuri la Cadillac lisilo na injini. Nicholson kwake alikuwa kosa tangu mwanzo: ukimwona kwenye kile kipande cha usaili wa kazi, tayari una wasiwasi naye, wakati kitabu kinataka mtu wa kawaida anayeharibika. Mwishoni mwa kitabu, boila ya hoteli inalipuka, Jack anapata dakika moja ya kumtambua mwanawe na kumwambia akimbie. Kwenye filamu anaganda kwa baridi kama nyama ya friji. Hallorann wa kitabuni anapona; wa filamu anasafiri kutoka Florida kuja kuuawa.

Lakini hasira yake kubwa ni Wendy. Aliiambia BBC mwaka 2013 kwamba Wendy wa filamu yupo kupiga kelele na kuwa mjinga tu, na kwamba huyo si mwanamke aliyemwandika. Diane Johnson naye amesema skripti ilimpa Wendy maneno mengi zaidi ya yale yaliyobaki.

Hapo King ana haki nusu. Kweli Wendy alipunguziwa maneno. Ila hesabu nani anafanya kazi hotelini: Wendy ndiye anayeangalia boila, anayezungumza na askari wa misitu kwa redio, anayemshinda mumewe kwa rungu, anayemburuta hadi stoo ya chakula na kufunga mlango, na anayemtoa mtoto kwa dirisha la bafu. Mjinga gani huyo?

Mwaka 1997 King alipata nafasi ya kuitengeneza upya kwa televisheni, akaandika skripti mwenyewe, ikapigwa katika hoteli ileile ya Stanley. Ni aminifu kwa kitabu. Sijamsikia mtu akiniuliza swali kuihusu.

Na kwa wapenda vijembe: gari la familia kitabuni ni Volkswagen nyekundu. Kubrick akawapa ya njano. Kisha Hallorann, akiendesha kwenye theluji, anapita ajali ambapo lori limeiponda Volkswagen nyekundu.

Ni kweli Duvall aliwekwa kwenye tuzo za filamu mbovu?

Ndiyo. Tuzo za Razzie zilipoanza, zikihusu filamu za 1980, zilimteua yeye kama mwigizaji mbaya zaidi wa kike na Kubrick kama mwongozaji mbaya zaidi. Mwaka 2022 wakaufuta uteuzi wa Duvall, wakitaja jinsi alivyotendewa wakati wa kazi.

Watu walipiga makofi. Mimi nilibaki na kinyongo. Uteuzi ulistahili kufutwa kwa sababu aliigiza vizuri. Walivyoueleza wao, inasikika kama wanamsamehe kwa kuigiza vibaya kwa kuwa alikuwa anaonewa.

Kwa hiyo filamu hii ndiyo iliyomvuruga akili?

Sikubaliani, na ningeomba tuache kulisema kirahisi hivyo. Mara tu baada ya Elstree alikwenda kuigiza mhusika Olive Oyl katika filamu ya Popeye (1980), na kuna watu wanaoamini alizaliwa kwa ajili ya nafasi ile. Kisha akaanzisha na kutayarisha Faerie Tale Theatre, mfululizo wa ngano kwa televisheni, tangu 1982 hadi 1987, akiwaita waigizaji wakubwa waje kucheza binti mfalme na mbwamwitu. Aliigiza kwa miaka mingine 20 na zaidi ndipo akapumzika.

Mwaka 2016 kipindi kimoja cha televisheni Marekani kilimhoji akiwa mgonjwa wa akili, kwa namna iliyowaudhi wengi, na hapo ndipo simulizi la "Kubrick alimharibu" lilipovuma. Alirudi kuigiza katika filamu ndogo ya kutisha kabla hajafariki Texas, Julai 2024, siku chache baada ya kutimiza miaka 75.

Kubrick ni peke yake?

Laiti. Kwenye The Exorcist (1973), nayo imetokana na riwaya, William Friedkin alifyatua bunduki studio ili kuwashtua waigizaji, na alimzaba kofi padri wa kweli aliyekuwa anaigiza padri, dakika chache kabla ya kipande cha huzuni. Ellen Burstyn alivutwa kwa kamba akaumia mgongo, na yowe lake la maumivu limo kwenye filamu hadi leo. Kwenye The Birds (1963), Tippi Hedren aliahidiwa ndege wa mashine. Wakamrushia ndege hai kwa siku kadhaa.

Bila ukali ule, ingekuwa nzuri hivi?

Hakuna wa kujibu kwa uhakika, lakini mtindo wa kujibu "hapana" haraka unanishangaza. Kinachotisha humo ni kamera ya Brown, muziki, ukubwa wa vyumba, zulia lile la rangi ya chungwa, uso wa mtoto aliyelindwa, na mwanamke aliyejua kulia. Onyesheni kipande kimoja ambacho kilihitaji tusi.

Nitafute toleo gani?

Angalia dakika kwanza. La Marekani lina dakika 144. Kubrick alikata kipande cha hospitali mwishoni siku chache baada ya filamu kutoka. La Ulaya alilikata yeye mwenyewe hadi dakika 119, na miongoni mwa vilivyoondoka ni kipande ninachokiona kuwa bora kuliko vyote vya Duvall.

Daktari amekuja nyumbani kumpima Danny aliyezimia. Wanakaa sebuleni, Wendy anawasha sigara. Daktari anauliza kama mtoto amewahi kuumia. Wendy anatabasamu na kuanza kueleza: mume alirudi amelewa, mtoto alikuwa ametawanya karatasi zake, akamvuta mkono kwa nguvu iliyozidi kidogo. Jambo la kawaida tu, linaweza kumpata mzazi yeyote. Lakini heri imetoka humo, kwa sababu sasa ana miezi mitano hajagusa pombe. Tabasamu halishuki. Uso wa daktari umeshabadilika. Na muda wote huo majivu yanarefuka kwenye ncha ya sigara, yanarefuka, yanapinda, naye hayakung'uti.